Daktari Ana Shemeji, Hana Wakili

Muulize daktari yeyote mwenye kliniki yake Mtwara mjini wakili wake ni nani. Wengi watakutajia shemeji. Kuna shemeji aliyesoma sheria, au rafiki wa zamani aliyeko Dar, ambaye hupigiwa simu mambo yakiharibika. Mhasibu wanaye, maana TRA haina masihara. Fundi wa kiti cha meno wanaye, hata kama inabidi wamlipie nauli kutoka Dar. Wakili hawana, na ukiwauliza kwa nini, watakujibu kwamba hawana kesi.

Mimi ni wakili, kwa hiyo msomaji ana haki ya kudhani navutia ngozi upande wangu. Sawa. Lakini kazi ninayoisema hapa ni ile inayofanywa kabla ya kesi, na ndiyo yenye pesa kidogo kwetu.

Madaktari wengi wa huku wana kazi mbili. Asubuhi yuko kwenye hospitali ya serikali: Ligula au hospitali ya kanda pale Mitengo, au Sokoine kwa walioko Lindi. Alasiri yuko kwenye kliniki aliyoifungua mwenyewe. Akifanya kosa asubuhi, mgonjwa anayetaka fidia inabidi aishtaki serikali: atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu, kisha aende Mahakama Kuu. Ni mlima, na wengi huishia kwenye barua ya malalamiko. Jioni hakuna Mwanasheria Mkuu. Samansi inakuja na jina la daktari mwenyewe. Na kama kliniki aliisajili BRELA, kwa wasajili wa biashara na kampuni, kama jina la biashara tu, basi hata kosa la msaidizi wake na deni la msambazaji wa dawa vinamfuata yeye, hadi shamba la mikorosho aliloachiwa na baba yake. Angesajili kampuni, mengi ya hayo yangebaki kwenye kampuni. (Uzembe wa mkono wake mwenyewe haufichwi na kampuni yoyote, tusidanganyane.) Baraza la Madaktari Tanganyika nalo halina asubuhi wala jioni. Linaweza kumwita kwa kosa la popote, na lina uwezo wa kumfutia usajili.

Twende kwenye chumba cha meno, maana hapo ndipo ninapoona mambo kwa ukaribu. Mgonjwa analalamika kwamba tangu ang'olewe jino la mwisho la chini kulia, mdomo una ganzi isiyoisha, chai inamchuruzika kidevuni bila yeye kujua. Kwa daktari wa meno hilo si ajabu. Kuna mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini, na mara nyingine mizizi ya jino lile inakaa karibu nao mno. Hata mkono mzuri unaweza kuugusa. Kwa hiyo tatizo kutokea si lazima liwe uzembe, na daktari anayejua kazi yake anaingia ofisini kwangu akiwa na uhakika wa kushinda.

Kisha nafungua daftari la kliniki, lile kubwa la mistari lenye gamba gumu. Nakuta tarehe, jina, umri, "48 ext" (48 ni namba ya jino lile, ext ni kifupi cha neno la Kiingereza la kung'oa), na kiasi kilicholipwa. Basi. Picha ya eksirei ilipigwa? Ilipigwa, mgonjwa akaondoka nayo. Aliambiwa habari ya ganzi kabla ya kung'olewa? Aliambiwa. Nani alisikia? Nesi, ambaye siku hizi amehamia Masasi na namba yake haipatikani.

Kipimo cha uzembe ambacho mawakili tunakitaja sana ni cha kesi ya Bolam ya Uingereza, ya mwaka 1957: daktari hana hatia ya uzembe ikiwa alichofanya kingekubaliwa na kundi la madaktari wenzake wenye ujuzi. Ni kipimo kinachompendelea daktari. Lakini huyo mwenzake atakayepanda kizimbani kumtetea ataanzia wapi, kama mbele yake kuna maandishi ya "48 ext" peke yake? Na huko huko Uingereza, mwaka 2015, kesi ya Montgomery ililichukua suala la kumweleza mgonjwa hatari na kulitoa kwenye kipimo hicho. Swali sasa ni kama mtu wa aina ya mgonjwa yule angeona hatari hiyo ina uzito kwake. Hukumu za huko haziwafungi majaji wetu, ila zinasomwa, na wakili wa upande wa pili atazisoma kwa sauti.

Ningekuta mistari mitano tu ningekuwa na kazi nyepesi: jino gani na kwa nini ling'olewe, picha imeonyesha nini, presha ilikuwa ngapi, ameelezwa kwa Kiswahili kuhusu ganzi, uvimbe na damu, mumewe akiwepo, amekubali. Kuandika hayo kunachukua muda mfupi kuliko kusubiri sindano ya ganzi ishike. Fomu ya ridhaa ya Kiingereza iliyopakuliwa kwenye intaneti na kuwekwa dole gumba na bibi kutoka Nanyamba haisaidii. Swali la kwanza litakuwa nani alimsomea, na la pili alimsomea kwa lugha gani.

Mafaili yenyewe yatunzwe. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3, ya mkataba miaka 6, na mgonjwa akiwa mtoto, saa haianzi kuhesabu mpaka atimize miaka 18. Mtoto wa miaka 7 uliyemng'oa jino leo anaweza kuja kukuuliza akiwa na ndevu.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu wengi hawalipendi. Wakili wa kawaida humwambia daktari afunge mdomo: usiongee na familia, usiseme pole, kila kitu kipitie kwangu. Kwa huku Kusini huo ni ushauri mbaya. Kabla ya samansi hufika wazee. Wanakuja watatu au wanne, wanakaa, wanauliza habari za nyumbani, ndipo wanafika kwenye jambo. Daktari akijificha nyuma ya barua ya wakili, ameshawatukana, na ugomvi ambao ungeisha kwa maelezo unapanda gari hadi mahakamani. Awapokee. Aseme pole, maana kumpa mtu pole hakumaanishi "nimekosa". Aeleze kilichotokea bila kukisia.

Asichotakiwa kufanya ni kile kinachofanywa kila siku: bahasha. Anatoa pesa, wazee wanashukuru, anaona yameisha. Baadaye kijana wa mgonjwa anarudi kutoka Dar, anasikia habari, anauliza kama daktari hakukosa alitoa pesa za nini. Jibu la hilo hulipati kirahisi. Kama mmekubaliana alipiwe matibabu, iandikwe hati ya makubaliano inayosema pesa ni za nini, kwamba hakuna aliyekiri kosa, na kwamba madai yamefungwa. Isainiwe na mgonjwa mwenyewe, siyo mjomba wake. Na kama daktari ana bima ya dhima ya kitaaluma, ile inayomlinda akidaiwa kwa kosa la kazi yake, aijulishe kampuni kabla ya kuahidi hata shilingi, kwani karibu kila mkataba wa bima hiyo unakataza mteja kukubali deni bila ridhaa yao. Wengi walio na bima hiyo hawajausoma mkataba wao. Uingereza madaktari walijiundia Medical Defence Union tangu 1885, daktari akipata tatizo anajua ampigie nani siku hiyo hiyo. Hapa bado ni yule shemeji.

Mgonjwa akifariki mambo ni mengine kabisa. Kanuni ya Adhabu inataja waziwazi kosa la kutibu au kupasua kwa uzembe unaohatarisha maisha, kwa hiyo polisi wakija hawajapotea njia. Hapo ndipo mnyamaze na kumwita wakili kabla ya kuandika maelezo. Na msiguse faili! Daktari aliyekaa usiku kujazia mistari iliyosahaulika amegeuza tukio linaloelezeka kuwa jambo linalonuka, hata kama kila alichojazia ni kweli. Kama kuna la kuongeza, liandikwe kwa tarehe ya leo na liseme ni nyongeza.

Mambo ya biashara nayapitia haraka, ingawa ndiyo yanayofunga kliniki nyingi kuliko wagonjwa. Marafiki wawili wanafungua kliniki, mmoja ananunua kiti, mwingine kompresa na mashine ya eksirei, leseni ya eksirei ya Tume ya Nguvu za Atomiki ina jina la mmoja, BRELA jina la mwingine, mkataba baina yao hakuna. Wakigombana, kila mmoja ana nusu ya kliniki isiyofanya kazi. Mwenye nyumba naye akiona foleni baada ya mnada wa korosho anapandisha pango, na mkataba wa pango, kama upo, haujalipiwa ushuru wa stempu, kwa hiyo mahakama haiupokei kirahisi. Daktari hakuwa amekata ile asilimia 10 ya kodi ya zuio kwenye pango pia, na TRA humdai yeye. Hayo ni mambo ya mchana mmoja na wakili.

Picha za meno ya wagonjwa mnazoweka status ya WhatsApp, kabla na baada, ziacheni mpaka mpate ridhaa ya maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Lakini shemeji hapigiwi simu kwa uvivu wa madaktari peke yao. Wakili akiingia kwenye kliniki akaanza kuuliza 48 ni kitu gani, daktari anaona bora abaki na shemeji, ambaye angalau hatozi. Mawakili wa Mtwara na Lindi tungeomba kukaa siku moja kwenye vyumba vyao, tuone eksirei inavyosomwa na fomu inavyojazwa foleni ikiwa nje. Mimi nimeshaomba kwa wawili. Mmoja amekubali, mwingine ameniuliza nani amemshtaki.