Yai la kuku na sindano ya mafua

Shangazi yangu, mkaazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa, anakwenda Hija. Mtu amemwambia asikubali chanjo ya mafua inayotengenezwa kwa mayai, ati imepitwa na wakati. Aingoje ya kisasa. Aliyemwambia hakukosea kila kitu.

Kazi huanza na yai lenye kiinitete cha siku kumi na moja hivi. Ganda hutobolewa tundu dogo, kirusi hudungwa ndani, kisha yai hurudishwa kwenye joto siku mbili tatu. Maji yake huvutwa, virusi huuawa kwa kemikali na kusafishwa, na vipande vyao ndivyo huingia kwenye sindano. Ndivyo ifanywavyo tangu miaka ya 1940, na hadi leo chanjo nyingi za mafua duniani hutoka kwenye yai.

Kasoro yake ni ya kweli. Kirusi kilichozoea koo la mtu kikitiwa ndani ya yai hubadilika kidogo ili kistawi humo, hasa aina ya H3N2. Mwili hufundishwa sura isiyo ile hasa itakayobisha hodi. Tena ni kazi ya polepole: Shirika la Afya Duniani huchagua virusi vya chanjo Februari kwa nchi za kaskazini na Septemba kwa za kusini, na viwanda huhitaji kama miezi sita. Na homa ya ndege ikiwafyeka kuku, mayai yatatoka wapi?

Ndiyo maana wengine wamehamia kwenye seli. Ipo inayooteshwa kwenye seli zenye asili ya figo ya mbwa. Nyingine haihitaji kirusi kizima, bali protini yake moja, hemaglutinini, inayotengenezwa ndani ya seli za kiwavijeshi, yule yule aliyevamia mahindi yetu 2017. Hii naikubali sana: utafiti uliochapishwa mwaka huo huo kwa watu wa miaka 50 na zaidi ulionyesha kuwa waliodungwa hiyo waliugua mafua kwa asilimia 30 chini ya waliodungwa ya mayai. (Ile ya kupuliza puani, yenye kirusi hai kilichodhoofishwa, haimhusu shangazi: si ya wazee, na ina jelatini ya nguruwe.)

Lakini kungoja, nakataa. Chanjo iliyoko ng'ambo haimkingi mtu wa Mombasa. Hata hii ya mayai, mwaka inapolingana vizuri na virusi, hupunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 40 hadi 60, na kwa mzee mwenye kisukari hicho si kidogo hata kidogo.

Swali linalotuhusu zaidi ni jingine. Kenya mafua huzunguka mwaka mzima, kusi na kaskazi, hatuna msimu mmoja. Kwa hiyo nimemwomba amuulize muuguzi: chanjo hii ni ya kusini au ya kaskazini mwa dunia, itaisha muda lini, na imekaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8 bila kukatika? Kisha adungwe wiki mbili kabla ya safari, maana kinga huchukua muda huo kujengeka.