Wake, Desemba 1941: Je, Pye alikosea kuirudisha Saratoga?

Wajapani waliposhuka kisiwani Wake, ngome ya Marekani katika Pasifiki, usiku wa kuamkia tarehe 23 Desemba 1941, Saratoga, meli ya Marekani ya kubeba ndege iliyokuwa ikipeleka msaada, ilikuwa bado zaidi ya kilomita 700 kutoka hapo. Admirali William Pye, aliyekuwa akikaimu uongozi wa manowari za Pasifiki, akaamuru irudi Hawaii. Wapo wanaoiita amri ile usaliti.

Hoja yao ni nzito. Tarehe 11 ngome hiyo isiyo na rada, yenye mizinga 6 tu ya inchi 5, iliwarudisha Wajapani baharini. Meja James Devereux aliwazuia wapiga mizinga wasifyatue mpaka manowari zilipofika kilomita 4 hivi. Manowari ya Kijapani Hayate ikazamishwa na mizinga, na nyingine, Kisaragi, ikazama kwa mabomu ya ndege za kivita za Marekani aina ya Wildcat. Ndege hizo zilizoweza kuruka siku ile zilikuwa 4 kati ya 12, maana tarehe 8 ndege 7 kati yake ziliteketea uwanjani: kelele za mawimbi zilifunika mngurumo wa adui, na kuta za kuzikinga zilikuwa hazijajengwa. Walioachwa nyuma ni pamoja na vibarua wa ujenzi zaidi ya 1,000. Kati yao, 98 waliuawa na Wajapani Oktoba 1943.

Pye naye alikuwa na sababu. Tarehe 21 Wake ilishambuliwa na ndege za Soryu na Hiryu, meli za Kijapani za kubeba ndege, wakati Marekani ilikuwa na meli 3 tu za namna hiyo katika Pasifiki nzima. Tena Wake haikuwa na bandari. Mlango wa wangwa ulikuwa na kina kidogo mno kwa Tangier, meli ya msafara iliyobeba askari, rada na makombora. Shehena ingeteremshwa kwa matishari kwenye bahari iliyo wazi, meli ikiwa imesimama chini ya mabomu.

Kwa maoni yangu, amri ya usiku ule ilikuwa sahihi. Kosa lilitangulia. Msafara ulifungwa kwenye mwendo wa Neches, meli ya mafuta yenye kasi ya noti 12 hivi (kama kilomita 22 kwa saa), na tarehe 22 Admirali Fletcher, kamanda wa msafara, akashinda akizijaza manowari mafuta huku mawimbi yakikata mipira ya kupitishia mafuta. Kujaza kulikuwa na maana, kwani manowari ikikimbia vitani hula mafuta mengi zaidi. Ila zile ndege za kivita 14 aina ya Buffalo zilizokuwa juu ya Saratoga hazikuhitaji bandari wala tishari. Zingetangulizwa mapema, zingetua, ingawa kwa ndege zaidi ya 100 za Soryu na Hiryu sidhani kama zingedumu wiki.