Kapu la sadaka si kipimo cha imani
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kwamba kanisa dogo likianza kushindwa kulipa kodi ya jengo na umeme, basi imani ya waumini nayo imeshapoa. Hapo simuungi mkono hata kidogo. Nimekuwa mhazini wa usharika mdogo, na miezi ambayo sadaka ilishuka kabisa ndiyo miezi ambayo ibada ya maombi ya katikati ya wiki ilijaa. Watu walikuwa wamepoteza kazi, utatoa nini wakati mfuko mtupu? Mchungaji wetu alitafuta kibarua siku za kazi, na wako walionong'ona kwamba ni aibu, kana kwamba Paulo hakushona mahema kule Korintho (Matendo 18:3). Tena makanisa ya Makedonia ambayo Paulo anayasifu katika 2 Wakorintho 8 yalikuwa fukara, na bado yaliomba yenyewe kuchangia watakatifu wa Yerusalemu. Kinachoua kanisa dogo, kwa niliyoyaona, ni usiri. Wazee walificha deni kwa muda mrefu wakiogopa kuwavunja watu moyo, minong'ono ikazidi, na waliohama walihama kwa sababu hiyo. Siku hesabu iliposomwa hadharani, deni na riba yake, fundi akajitolea kuziba paa bure na mwenye nyumba akakubali tumlipe kidogo kidogo. Deni lenyewe halikuisha haraka, nisiwadanganye. Ninyi mnaosali katika makanisa madogo, je, kwenu mapato na matumizi husomwa mbele ya waumini wote, au huishia kwa wazee?