Mzee aliyeanguka: atulie au atembezwe?

Mzee akianguka mara moja, nyumbani huzuka kauli mbili. Wapo wanaomtaka atulie, chakula na maji aletewe pale alipo, na wapo wanaomhimiza atoke kila asubuhi kutembea, miguu isije ikasahau kazi yake. Kila upande una hoja, lakini naona kila mmoja umeshika nusu tu ya jambo.

Wanaotetea mazoezi wana ushahidi mzito. Katika mji wa Dunedin, New Zealand, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago waliwagawa wanawake 233 wenye umri wa miaka 80 na zaidi katika makundi mawili, na kundi moja likafundishwa nyumbani mazoezi ya kuimarisha miguu na usawa wa mwili, pamoja na matembezi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kwamba kwa mwaka mmoja kundi hilo lilianguka mara 88, na la pili mara 152. Mazoezi yenyewe hayana makuu: kuinuka kitini, kusimama kwa ncha za vidole huku umeshika meza, kutembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, na kuinua mguu uliofungwa uzito kifundoni. Mtazame bibi anapotaka kuinuka, mikono ikisukuma kiti, mwili ukinyanyuka kidogo kisha ukirudi chini, nawe utaelewa, kwani mapaja yasiyoweza kumwinua hayatamwokoa akijikwaa kizingitini.

Hata hivyo, hofu ya upande wa pili haistahili kupuuzwa. Nchini Uingereza, jaribio jingine la mwaka 1997 liliwahimiza wanawake waliokoma hedhi, ambao tayari walikuwa wamewahi kuvunjika mkono, watembee kwa mwendo wa haraka, nao wakaanguka zaidi kuliko wenzao waliopewa mazoezi ya mikono tu. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 108, yalikuta mazoezi kwa ujumla yakipunguza matukio ya kuanguka kwa takriban asilimia 23, lakini hayakupata uhakika huo kwa programu za kutembea peke yake. Sababu si ngumu kuiona, kwa kuwa anayetembea zaidi hukutana na mawe, mitaro na ngazi nyingi zaidi, na kama miguu bado ni dhaifu, matembezi humwongezea nafasi za kuanguka kabla ya kumwongezea nguvu.

Tena kutembea vizuri na kutoanguka ni mambo mawili. Huko Marekani, watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89 walishiriki jaribio lililotoa matokeo mwaka 2014. Waliofanya mazoezi, ambayo kiini chake kilikuwa kutembea, walidumisha zaidi uwezo wa kwenda mita 400, lakini majeraha makubwa ya kuanguka hayakupungua kwa kiwango cha kuhesabika. Hiyo bado ni faida kubwa, maana mzee anayejifikisha msikitini, kanisani au dukani hamngojei mtu.

Kwa hiyo siungi mkono kumkalisha, kwani misuli isiyotumika hudhoofika na anguko linalofuata huweza kuwa baya zaidi. Wala simuungi mkono kijana anayemtoa babu barabarani siku ya kwanza. Dawa zinazomtia kizunguzungu na macho yake vikaguliwe kwanza, kisha aanze na kiti imara kilichoegemezwa ukutani, mtu akiwa karibu, akae na kuinuka mara chache, siku tatu kwa wiki. Barabara itafuata miguu ikishaitika.