Jaribio lisilo na jibu nyuma ya kitabu

Kila mwalimu wa fizikia anaijua data iliyopikwa. Wanafunzi wanafunga jiwe kwenye uzi, wanaliacha libembee, wanapima muda wa mibembeo ishirini, wanabadilisha urefu wa uzi, wanachora grafu, na mwishoni wanatakiwa kuipata g, yaani mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia. Jibu wanalo kabla hawajaingia maabara: 9.8, au 10 kwa anayetaka wepesi. Nukta ikikaa mbali na mstari inafutwa na kusogezwa karibu na wenzake. Wapo wanaoanza na jibu, wakarudi nyuma hadi kwenye jedwali la vipimo. Grafu inanyooka, alama zinatolewa.

Siwalaumu. Mtoto aliyepewa hatua zote na jibu analolijua amebakiwa na kazi moja tu, kulifikia. Jiwe lenyewe halina jipya la kumwambia.

Sasa chukua uzi uleule na jiwe lilelile, ubadilishe swali: ukilivuta jiwe mbali zaidi kabla ya kuliachia, muda wa mbembeo unabadilika? Usiongeze neno. Wengi watasema haubadiliki, maana ndivyo daftari linavyosema. Watapima mbembeo mmoja kwa digrii 10, kisha kwa digrii 40, na namba zitayumba huku na huko, kwa sababu kidole kwenye saa kinachelewa kwa sehemu ya sekunde, na tofauti wanayoitafuta ni ndogo kuliko ucheleweshaji huo. Hapo ndipo pananoga. Lazima mmoja wao aseme tuhesabu mibembeo mingi kwa mpigo. Kwa uzi wa mita moja, mibembeo 20 huchukua kama sekunde 40, na kati ya pembe hizo mbili tofauti huwa kama sekunde nzima. Saa ya simu inaiona vizuri. Kumbe kanuni ya daftarini ni ya pembe ndogo tu, na aliyeligundua hilo hakuambiwa na mtu.

Katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, Natasha Holmes na wenzake walitumia pendulamu, yaani kitu kinachobembea kwenye uzi kama jiwe letu, kwa namna hii na wanafunzi wa mwaka wa kwanza: pima, linganisha, boresha njia, pima tena. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2015, wanafunzi hao walikuwa na uwezekano mara 12 zaidi ya wenzao wa kundi la kawaida wa kupendekeza au kufanya maboresho ya njia yao bila kuambiwa. Kinachonivutia zaidi ni kwamba tabia hiyo ilionekana tena mwaka uliofuata, katika kozi nyingine ambako hakuna aliyewakumbusha.

Hata hivyo, mimi napenda zaidi swali linalotoka nyumbani kwa mwanafunzi. Kundi moja la kidato cha tatu liliniuliza kwa nini maji ya mtungi ni baridi. Maelezo ya kitabuni walikuwa nayo: maji hupenya kwenye vitundu vya udongo, hugeuka mvuke kwa nje, na huondoka na joto. Nikawaambia, haya, thibitisheni kwamba kinachopoza ni huo mvuke, si udongo wenyewe. Wakaleta mtungi na ndoo ya plastiki. Binti mmoja akakataa. Akasema hivi viwili vinatofautiana kwa umbo, unene, rangi, hata upana wa mdomo. Maji yakipoa tutajuaje ni kipi kilichofanya kazi? Wakabishana mpaka kengele ikalia. Baadaye wakarudi na mitungi miwili ya mfinyanzi mmoja, mmoja wameupaka rangi ya mafuta nje ili vitundu vizibe.

Sikuwafundisha hilo, wala halimo kwenye kitabu chao. Yaliyofuata waliyapanga wenyewe vilevile: maji yatoke pipa moja, kiasi kiwe sawa, mitungi ikae kivuli kimoja, kipimajoto kizamishwe kina kilekile. Ule wa rangi ulibaki karibu na joto la chumba, wa pili ukashuka. Kisha ikaja siku ya mvua, tofauti ikawa ndogo mno, wakataka kuiacha siku hiyo nje ya ripoti. Nikawauliza nini kilikuwa tofauti siku ile. Walinyamaza kidogo, halafu mmoja akasema: mwalimu, hewa ilikuwa imeshajaa maji. Ukurasa wa siku hiyo ndio uliokuwa bora katika ripoti yao yote.

Habari ya Erasto Mpemba, Mtanzania aliyedai kwamba maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya ya baridi, tunaisimulia kama ya mwanafunzi aliyechekwa na baadaye akashinda. Naona tunaruka sehemu yenye mafunzo mengi zaidi. Mwaka 1963, katika shule ya Magamba, aiskrimu yake iliyoingia kwenye friji ikiwa moto iliganda kabla ya ile ya mwenzake iliyoingia bila kuchemshwa. Hilo lilikuwa tukio. Jaribio lilikuja baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alipochukua bika mbili (vikombe vya maabara) za mililita 50, moja akatia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friji. Maziwa ameyaondoa, sukari ameiondoa. Limebaki swali tupu. Denis Osborne, mwalimu wa chuo kikuu Dar es Salaam, aliposikia swali hilo aliagiza lijaribiwe. Fundi wa maabara akaleta habari kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia hadi wapate jibu sahihi! Hata chuo kikuu data ilikuwa hatarini kupikwa. Mpemba na Osborne walichapisha makala yao mwaka 1969, na ubishi haujaisha: mwaka 2016 Burridge na Linden walionyesha kwamba tofauti ndogo tu ya kina cha kipimajoto inaweza kuzaa matokeo ya aina hiyo. Wale wa mitungi walikuwa na haki kuhangaikia kina.

Najua walimu wenzangu watasema nini: darasa lina watoto themanini, silabasi ni ndefu, maabara haina vifaa, na mtihani hauulizi hayo. Hilo la mwisho ndilo zito, kwa sababu tunafundisha kinachoulizwa. Lakini kuuliza kunawezekana bila gharama ya vifaa. Mtihani wa fizikia wa Cambridge wa ngazi ya kidato cha sita una swali la kupanga jaribio kwa kalamu na karatasi tu: utabadilisha nini, nini hakitaguswa, utapima vipi, grafu utaisomaje. Baraza letu la mitihani liweke swali moja kama hilo kidato cha nne, lenye alama za kutosha kumfanya mwanafunzi asiliruke, na litahiniwe sawasawa kwenye shule yenye maabara na isiyo nayo.