Mwalimu Mgeni, Punda na Beseni la Hina

Ile sauti mliyotumiwa, inayosema niliingia nyumba ya harusi huku Lamu nikicheza chakacha, ngoma ya wanawake wa pwani, nikafukuzwa kwa upawa, ni ya mwalimu mwenzangu wa Jiografia, na kabla hamjaipeleka kundi jingine la WhatsApp naomba mnisikie mwenyewe. Kwanza, sikuingia nikicheza chakacha. Pili, sikufukuzwa kwa upawa. Ulikuwa mwiko, na nitafika hapo.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mwenzenu nimevuka mpaka. Morogoro nimeiacha, nimepata kazi ya kufundisha Hesabu Lamu, shule binafsi, jina nalihifadhi kwa sababu mshahara bado nautaka. Horohoro, Mombasa, Malindi, Garsen, kila mahali askari wanasimamisha basi kukagua vitambulisho, kisha gati la Mokowe, kisha boti. Habari za kibali cha kazi msiniulize leo, presha yangu haiko sawa.

Sasa mimi nimekulia Msamvu nikikwepa bodaboda. Kufika mji wa mawe ambao hauna daladala wala pikipiki za kukukoromea mgongoni, nilijiona nimeingia peponi. Kumbe barabara zina wenyewe: punda. Ukienda ufukweni kuna hadi zahanati ya punda, ipo tangu 1987, wanatibiwa bure. Sisi walimu bima yetu bado "inashughulikiwa".

Vichochoro vya mtaa wa Mkomani vimebanwa na kuta ndefu pande zote mbili, na punda mwenye shogi za mchanga, ile mizigo inayoning'inia mbavuni kote kuwili, anakijaza kichochoro kama kizibo na chupa. Wenyeji wakisikia "Similee!", yaani pisheni, wanapanda kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, la nyumba iliyo jirani, wanasimama pembeni ya baraza, punda wanapita, hadithi inaendelea palepale ilipokatika. Mtoto wa chekechea anajua hivyo. Kwenye mkataba wangu hakikuandikwa.

Basi Jumamosi natoka uwanja wa Mkunguni, shati jeupe, suruali ya kaki niliyoshonesha Morogoro makusudi kwa ajira hii, nimekata kichochoro kurudi nilikopanga. Nikasikia similee. Nikainua macho: punda wanne, mmoja nyuma ya mwingine, na huko mwisho kijana anapiga kelele ambaye hata simuoni.

Punda wa mbele akanitazama. Nami nikamtazama. Nikanyoosha kiganja, kile kile kinachonyamazisha gredi ya saba, nikasema kwa sauti ya darasani, "Simama hapo hapo!"

Mnacheka. Darasani huwa inafanya kazi.

Punda akaja. Nikarudi hatua, kiganja bado kiko juu, maana nikikishusha heshima yote imekwisha. Akaja tena. Nikaona daka kushoto, nikajitupa humo, nikashusha pumzi. Na yeye akaingiza kichwa. (Baadaye nikaambiwa nyumba ile humwekea maganda ya viazi kila adhuhuri. Yeye alikuwa anakwenda kula. Mimi ndiye nilikuwa nimekaa njiani.) Mlango nyuma yangu ulikuwa wazi. Kichwa kikanisukuma tumboni, nikaingia kinyumenyume.

Nyumba za kale za Lamu, ukipita mlango unakuta tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, kisha njia inapinda ndipo uingie kiwandani, uwanja wa ndani usio na paa. Waliojenga walipinda makusudi, mpita njia asione wenye nyumba. Walifikiria mtu anayechungulia. Mtu anayekuja kwa mgongo hawakumfikiria.

Ndugu zangu, nilipinda ile kona vizuri, kwa mgongo, na kiganja changu juu.

Cha kwanza nilisikia harufu ya asumini. Cha pili, kicheko kikikatika katikati. Kisigino changu kikagonga kitu, nikaketi. Nikaketi kwenye kitu laini, chenye ubaridi, ambacho kikaanza kupenya suruali taratibu bila haraka yoyote. Nikageuza shingo. Wanawake, leso tupu (khanga, si za kufutia pua), vichwa wazi, wengine na sindano za kutungia maua mikononi, wote macho kwangu. Harusi ya mtaa, na hapo ndipo hina ya bibi harusi ilipokuwa inakorogwa.

Nikafumba macho kwa heshima. Halafu nikataka kuinuka. Aliyefumba macho haoni anaposhika, nikadidimiza mikono yote miwili kwenye lile beseni hadi vifundoni.

"Mwanamume!" mmoja akapiga ukelele, na leso zikaanza kurushwa.

Na sauti ndogo kutoka kona, naijua hata usingizini, ya dawati la pili: "Mama, mbona ni tichaa wetu wa hesabu!"

Kimya. Kisha bibi mmoja mkongwe akasema polepole, "Muacheni. Mwalimu kaja kutiwa hina. Mwanangu, na miguu utatia?"

Mwiko ulinipata begani wakati huo.

Nikakimbilia mlangoni, punda kauziba, anatafuna. Ikabidi nisimame tekani nimeelekea ukutani, mikono nimeitandaza, hina inanikaukia, mpaka yule kijana awavute punda nyuma mmoja mmoja kuanzia wa mwisho. Alichukua muda wake. Maji sikuomba. Ningeanzaje?

Nikafika nyumbani, mikono rangi ya chungwa. Nikampigia nani? Wa Jiografia, mzaliwa wa hapa. Akanisikiliza kwa huruma kabisa, akasema, "Kata ndimu, tia sukari, jipake, ukae nayo." Nikakaa nayo. Nyinyi wanawake mliokwisha kupiga mkono kichwani, ndiyo, hata mimi sasa najua kwamba ndimu na sukari ndivyo hina inavyokozwa. Na hata usipoikoza, siku mbili za mwanzo inazidi kuiva yenyewe. Jumatatu asubuhi nilishika chaki na kiganja chekundu cha mtu anayeolewa.

Mengine yakaenda haraka. Mkuu wa shule aliniita, akaniangalia mikono, akageukia dirishani, mabega yanamtetemeka. Nilipeleka pesa ya hina, ikarudishwa pamoja na mwaliko wa pilau, upande wa wanaume. Suruali dobi ameikataa.

Mwenye punda nimemjua. Yuko gredi yangu ya saba, safu ya nyuma kabisa, na siku hizi ananiamkia kwa adabu inayotia wasiwasi. Jana kaniletea maembe. Jaribio lake la sehemu alipata nne kwa kumi. Maembe nimekula, nne yake iko palepale.