Japani Ikipungukiwa, Mombasa Itaendesha Gari la Nani?

Gari linaloshushwa leo bandari ya Kilindini lilishaamuliwa zamani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limepita miaka 8, na waagizaji wengi huchukua lile linalokaribia ukomo huo kwa sababu ndilo la bei nafuu. Ina maana kinachotokea viwandani Japani kinatufikia sisi miaka saba hivi baadaye. Mwaka 2021 chipu za kompyuta, ambazo magari nayo huzihitaji, ziliadimika duniani kote. Septemba ya mwaka huo Toyota ilipunguza uzalishaji wake kwa asilimia 40. Magari yasiyoundwa wakati ule hayatakuwepo minadani ifikapo 2028, na mnunuzi wa Likoni au Kisauni atalilipia pengo hilo bila kujua lilianzia wapi.

Uhaba wa chipu ulipita. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba kitovu cha kuunda magari kinahama. Mwaka 2023 China iliuza nje magari milioni 4.91 na kuipita Japani iliyouza milioni 4.42. Nissan, ambayo magari yake yamejaa barabara zetu, ilitangaza mwaka 2025 kwamba itapunguza wafanyakazi 20,000 na kubakiza viwanda 10 kati ya 17. Mazungumzo yake ya kuungana na Honda yalikuwa yameshavunjika Februari ya mwaka huohuo. Ujerumani nako si shwari: Volkswagen ilikubaliana na chama cha wafanyakazi, Desemba 2024, kupunguza ajira zaidi ya 35,000 hadi 2030. Marekani na Umoja wa Ulaya wameongeza ushuru mkubwa kwa magari ya umeme ya China ili kulinda viwanda vyao.

Watu husema basi, Japani ikipungukiwa tutanunua ya China. Hapa ndipo penye kikwazo ambacho sisikii kikizungumzwa. China huendesha upande wa kulia wa barabara, na magari ya watu wake yana usukani wa kushoto. Sisi tunaendesha kushoto na sheria yetu inataka usukani wa kulia. Gari lililotumika Guangzhou au Shanghai, hata liwe zima na rahisi kiasi gani, haliwezi kuja kusajiliwa hapa kama linavyokuja la Nagoya. Biashara nzima ya yadi zetu, kuanzia wakala wa forodha hadi dalali, imesimama juu ya bahati kwamba Japani inaendesha upande mmoja na sisi. Magari ya China ya usukani wa kulia yapo, lakini huundwa kwa ajili ya masoko kama Thailand, Australia na Uingereza, na hutoka yakiwa mapya. Ya mitumba yake yatachelewa na yatakuwa machache.

Ndiyo maana naamini jawabu letu liko hapa Mombasa, Miritini. Pale Associated Vehicle Assemblers wamekuwa wakiunganisha magari tangu miaka ya 1970, malori na mabasi ya kampuni mbalimbali, na hata mabasi ya umeme ya BasiGo yameunganishwa hapo. Vipande vinashuka bandarini, vinapanda barabara fupi tu, vinatoka vikiwa gari lenye usukani upande tunaoutaka. Moroko ilianza safari hii kwa nguvu Renault ilipofungua kiwanda Tangier mwaka 2012. Watengenezaji wa nyaya, viti na vioo wakaifuata, na leo magari ya Moroko yanauzwa Ulaya. Sisi tuna bandari, tuna reli, na tuna soko la Uganda, Rwanda na Kongo nyuma yetu.

Najua pingamizi: gari jipya, hata lililounganishwa hapa, ni ghali kwa mwalimu au muuza duka anayemudu Toyota Vitz iliyotumika. Ni kweli, na sitaki yadi zifungwe kesho. Lakini matatu, tuktuk na vani za mizigo hununuliwa kwa mkopo wa biashara na huzunguka kutwa, kwa hiyo zinajilipa. Tuanzie huko.

Na mafundi wetu wasisahauliwe. Gari la umeme halina plagi za kuwashia injini wala pampu ya dizeli, na hata haibridi (za petroli na umeme) tulizonazo tayari, kama Toyota Prius na Aqua, zina betri ya volti zaidi ya mia moja inayoweza kuua fundi asiyefunzwa. Fundi wa gereji ya Changamwe anayejua kusikiliza injini akatambua ugonjwa wake anastahili nafasi ya kujifunza haya kabla kazi haijamhama. Chuo Kikuu cha Kiufundi kiko hapa Tudor. Kaunti ilipie kozi fupi za jioni kwa mafundi walio kazini, wasioweza kuacha riziki kwa mwaka mzima. Aidha, kila gari la umeme lililotumika lije na cheti kinachoonyesha betri yake imebakiwa na uwezo kiasi gani. Joto huizeesha betri haraka, na Nissan Leaf za vizazi viwili vya kwanza, kwa mfano, hazina mfumo wa maji wa kuipoza. Bila cheti hicho, mnunuzi wa hapa pwani ndiye atakayebeba hasara yote.